Je, Wajua? Vita vya Msalaba Vilivyofika Lualaba

Mtajie mtu Vita vya Msalaba uone mawazo yake yanapokimbilia: Yerusalemu, mashujaa waliovaa chuma juu ya farasi, Salahuddin na jua kali la Palestina. Hakuna anayefikiria Lokandu. Basi kaa vizuri, maana kamba ya habari hii ni ndefu, na ncha yake moja imefungwa hapa kwetu Maniema.

Cheche ilirukia Kailo

Vita vikubwa kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na Waungwana wa Kiislamu, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, vile vya 1892 hadi 1894, vilianzia ndani ya teritwari ya Kailo. Mahali penyewe paliitwa Riba-Riba. Leo ni Lokandu, unashuka Lualaba kutoka Kindu unapakuta. Mei 1892 Mbelgiji Arthur Hodister, mnunuzi wa pembe za ndovu, alikuja huku na wenzake kufungua vituo vya kampuni. Matajiri wa pembe waliomtangulia hawakuwa na nia ya kugawana soko na mtu. Hodister akauawa pamoja na watu wake, na miezi 20 baadaye hapakubaki mji hata mmoja mkubwa wa Waungwana uliosimama kwa nguvu zake mwenyewe, si Nyangwe, si Kasongo.

Na kuna la ziada. Wapo wasomi wa fasihi wanaoamini kwamba Hodister ni mmoja wa watu waliompa Joseph Conrad, aliyepanda mto Kongo mwaka 1890, sura ya yule Kurtz wa riwaya yake Heart of Darkness. Kitabu kinachowaumiza vichwa wanafunzi wa London na New York huenda kina mguu mmoja Lokandu.

Shujaa wa Yerusalemu alitoka Ubelgiji

Godfrey wa Bouillon, kiongozi aliyekabidhiwa Yerusalemu baada ya Wakristo kuuteka mwaka 1099, jina lake limetoka kwenye ngome ya Bouillon, ambayo leo iko Ubelgiji. Wabelgiji walipopata nchi yao mwaka 1830 walihitaji mashujaa wa zamani wa kujivunia, na mwaka 1848 wakamsimamishia Godfrey sanamu juu ya farasi, bendera mkononi, katikati ya Brussels, karibu kabisa na jumba la mfalme. Leopold wa Pili alikuwa kijana wa miaka 13 wakati huo. Kwa hiyo mtu aliyekuja kujiita mwenye Kongo alikua akimpita mpiganaji huyo wa msalaba barabarani.

Tarehe 15 Julai, mara mbili

Yerusalemu ulianguka tarehe 15 Julai 1099, na wakazi wake Waislamu na Wayahudi wakauawa kwa wingi mno. Sasa ruka miaka 772, siku ile ile. Tarehe 15 Julai 1871, Nyangwe, siku ya soko. David Livingstone yupo sokoni, amekuja kutembea na kutazama watu. Anahesabu kama watu 1,500, wengi wao wanawake waliovuka mto na samaki, kuku, muhogo na vyungu. Anaona wanaume watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wameingia na bunduki, jambo ambalo si desturi ya soko. Mmoja anabishana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Livingstone anaanza kuondoka. Hajafika mbali, bunduki zinalia nyuma yake, kisha nyingine upande wa ghuba ndogo zilikofungwa mitumbwi. Watu wanarukia mitumbwi mpaka inazama. Wengine wanajitupa majini wakilenga kisiwa kilicho mbali mno. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Hawa hawakuuawa kwa ajili ya dini. Lakini habari hiyo ndiyo iliyowasha hasira ya Ulaya. Mwandishi wa habari Stanley aliipeleka Uingereza mwaka 1872, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Pale lilipokuwa soko likajengwa kanisa kuu la Waanglikana.

Cha ajabu kingine: Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika mambo ya Nyangwe juu ya magazeti ya zamani, akiyavuka maandishi ya chapa kwa wino wa maji ya matunda ya porini. Wino ulififia kiasi kwamba ilibidi wanasayansi wa karne hii watumie kamera za mianga maalumu ili kuyasoma tena.

Mahali alipofia mtakatifu, akatokea mhubiri

Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alifariki tarehe 25 Agosti 1270 akiwa vitani karibu na Tunis, kwenye magofu ya Carthage. Hivyo ndivyo Vita vya Msalaba vinavyohesabiwa kuwa vya nane. Karne sita baadaye askofu mkuu wa Carthage hiyo hiyo alikuwa Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Mwaka 1888, kwa baraka za Papa Leo wa Kumi na Tatu, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri vita vipya vya msalaba. Safari hii shabaha haikuwa kaburi la Yesu. Ilikuwa biashara ya watumwa katika Afrika ya kati, na nchi aliyoitaja mara nyingi ilikuwa nchi yetu na ya jirani zetu wa Ziwa Tanganyika.

Lavigerie hakuishia kwenye mimbari. Mwaka 1891 huko Biskra, Algeria, alianzisha shirika la mabruda wenye silaha, wenye msalaba mwekundu kifuani kama wapiganaji wa karne ya 12. Halikumaliza hata miaka miwili. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1892, vita vya Maniema vikiwa vimepamba moto.

Halafu tazama mavazi. Mapadri wake aliwavika gandura nyeupe, burnusi na kofia nyekundu, kama Waislamu wa Algeria, na tasbihi shingoni. Anayewaona kwa mbali kwenye njia za Tanganyika angeweza kusema ni mashehe wanakwenda kwenye maulidi.

Askari wa Papa, mkwe wa Tanganyika

Mpala, pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, palikuwa na kapteni ambaye jeshi lake la kwanza lilikuwa la Papa. Léopold Joubert, Mfaransa, alipigana katika kikosi cha Wazuavu waliomlinda Papa Pius wa Tisa huko Italia. Dola ya Papa ilipoanguka mwaka 1870, akabaki na bunduki bila bwana. Lavigerie akamleta ziwani kuwalinda wamisionari na vijiji vyao dhidi ya watekaji watumwa. Alioa mwanamke wa huko, akazaa, akazeeka, na akazikwa Kongo mwaka 1927. Ulaya hakurudi tena kuishi.

Gavana Mwislamu wa mfalme Mkatoliki

Februari 1887, Leopold wa Pili alimfanya mfanyabiashara Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mshahara: pauni 30 kwa mwezi. Mkataba ulitiwa sahihi Unguja, na Stanley ndiye aliyeuleta. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Agosti 1888, Lavigerie alisimama katika kanisa kubwa la Brussels, mji mkuu wa Leopold mwenyewe, akiwashambulia wafanyabiashara wa watumwa, na gavana wa mfalme akiwa mmoja wa wakubwa wao. Biashara na dini zilikuwa zikilala kitanda kimoja, kila moja imegeukia ukuta wake.

Tippu Tip alikuwa na pua ya mfanyabiashara. Vita vilipoanza yeye alikwisha kurudi Unguja, akamwachia mwanawe Sefu mji wa Kasongo na balaa lake. Baba alifariki kitandani mwaka 1905, akiwa ametuachia kisa cha maisha yake kwa Kiswahili, mojawapo ya tawasifu za kwanza katika lugha hii.

Bendera bila msalaba, jeshi bila Wakristo

Ulidhani Wakristo upande huu, Waislamu upande ule? Bendera ya Dola Huru ilikuwa ya buluu yenye nyota ya manjano, haina msalaba popote. Katika miaka ya mwanzo jeshi lake, Force Publique, liliajiri Wahausa wa Afrika Magharibi na watu wa Unguja, wengi wao Waislamu. Maofisa wazungu wa Francis Dhanis, kamanda aliyezaliwa London, ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Na uzito wa jeshi ulikuwa wapi? Kwa Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip. Alipigwa na Dhanis mwaka 1892, na Septemba mwaka huo akageuza bunduki, akajiunga na serikali pamoja na maelfu ya wapiganaji wake. Sefu akadai arudishiwe mtu wake, akanyimwa. Bila Gongo Lutete sioni Dhanis angefikaje Lualaba. Malipo yake? Tarehe 15 Septemba 1893 maofisa vijana walimshtaki kwa uhaini na kumpiga risasi huko Ngandu. Askari waliompenda hawakusahau: mwaka 1895 waliasi huko Luluabourg, Kananga ya sasa.

Aliyekufa na jina la Kiislamu

Oktoba 1892, Waislamu wa Kongo walimuua mtu ambaye dunia ilimjua kama Mehmed Emin Pasha. Alikuwa daktari Mjerumani, amezaliwa na wazazi Wayahudi kwa jina la Eduard Schnitzer, akabatizwa Mlutheri utotoni, akachukua jina la Kiislamu alipotumikia dola ya Waturuki na baadaye Misri. Aliuawa kwa amri ya Kibonge, mkubwa wa mtoni, wakati akitembea kuelekea Lualaba. Dini zote tatu za Yerusalemu zilipita katika maisha ya mtu mmoja, zikamwacha msituni mwetu.

“Unajua kuogelea?”

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, na kina mto ndani yake kama visa vyote vizuri vya Maniema.

Serikali ilikuwa imeweka wawakilishi wawili Kasongo, kwa Sefu: Luteni Lippens na Sajini Henri De Bruyne. Vita vilipoanza wakawa mateka. Novemba 1892 Sefu alimchukua De Bruyne hadi ukingo wa Lomami ili azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo, wakubaliane masharti. Upande wa pili alisimama daktari Mwingereza Sidney Hinde pamoja na ofisa mwenzake, na askari waliojificha majanini, bunduki tayari. Mto katikati. Wakazungumza kwa sauti kuu, na katika mazungumzo wakamwuliza kwa lugha ambayo walinzi hawakuielewa: unajua kuogelea? Jitupe, sisi tutakulinda kwa risasi.

De Bruyne akajibu kwamba hawezi, maana Lippens amebaki Kasongo. Akageuka, akarudi na waliomleta. Wiki chache baadaye wote wawili waliuawa.

Mji wa kwao De Bruyne, Blankenberge, uliwajengea mnara ufukweni mwaka 1900. Unaweza kuuchukia ukoloni wote, mimi sikuzuii, na bado ukamvulia kofia sajini huyu.

Aliyeuteka Nyangwe ni mpiga kafi

Mizinga na bunduki za Dhanis zilikaa wiki kama sita zikiutazama Nyangwe kutoka ng'ambo ya Lualaba. Mto ulikuwa mpana, na mitumbwi haikuwa yake. Waliokuwa na mitumbwi ni Wagenia, wavuvi na mabwana wa maji haya, ambao wafanyabiashara walikuwa wamewabana kwa miaka mingi. Walipokubali kuwavusha askari, tarehe 4 Machi 1893, mji ulianguka siku hiyo hiyo. Hinde alikadiria kuwa Nyangwe ulikuwa na watu kama 30,000. Wiki chache baadaye, anasema, ilibaki nyumba moja kubwa iliyozungushiwa kambi ya askari. Dhanis alipewa cheo cha baroni. Wagenia waliendelea na samaki wao.

Vyandarua vya hariri

Kasongo ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893, askari waliokuwa wamezoea kulala chini walilala kwenye vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na vyandarua vya hariri. Hinde alijipatia chumba chenye urefu wa mita 24, mlango wake ukifungukia bustani ya michungwa. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha, na pembe za ndovu kama tani 25, yaani lori moja kubwa lililojaa mpaka linakwama kwenye matope ya barabara ya Kindu. Hayo yote yaliingia huku kichwani mwa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao hawakuulizwa kama wanataka kazi.

Matanga ya msalaba mwekundu

Sasa turudi nyuma karne nne, tushuke pwani. Vasco da Gama alipotokea Mombasa Aprili 1498, msalaba uliokuwa kwenye matanga yake ulikuwa na ukoo. Shirika la wapiganaji wa Templa lilivunjwa mwaka 1312, lakini mfalme wa Ureno aliwapa mali zao ndugu wa shirika jipya, la Kristo, mwaka 1319. Msalaba wa shirika hilo ndio ulioonekana na Waswahili.

Yaliyofuata pwani yanatosha kujaza gazeti zima. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilipigwa na kuporwa. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na mapadri huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kamanda wa Kireno na kurudi kwenye Uislamu. Ngome hiyo hiyo ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33! Vita vyetu vyote vya Maniema, toka Lokandu hadi mwisho, vingeingia humo na nafasi ibaki.

Mtoto wa Vasco alikatwa kichwa Ethiopia

Mwaka 1541 Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco, alishuka Massawa na askari 400 wenye bunduki kumsaidia mfalme Mkristo wa Ethiopia dhidi ya Imamu Ahmad bin Ibrahim, ambaye Waethiopia humwita Gragn, yaani mtumia mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata akakamatwa na kuuawa. Mwaka 1543 imamu naye akafa kwa risasi vitani, na vita vikaisha pamoja naye.

Yerusalemu bila risasi wala mshale

Vita vya Msalaba vilivyofanikiwa kwa gharama ndogo kuliko vyote havikuwa na vita. Mwaka 1229 Kaisari Frederick wa Pili, akiwa ametengwa na kanisa na Papa mwenyewe, aliupata Yerusalemu kwa mazungumzo na Sultani al-Kamil wa Misri. Papa hakufurahi. Waislamu wengi pia hawakufurahi. Mapatano yalidumu miaka kumi.

Ramazani anayebatizwa

Fungua daftari la ubatizo la parokia yoyote ya Kindu au Kailo, utakutana na akina Ramazani, Assumani, Saidi, Amisi na Shabani, pamoja na Marie, Jean na Emmanuel mbele yao. Mfano unaojulikana nchi nzima ni Emmanuel Ramazani Shadary, aliyezaliwa Kasongo na kugombea urais mwaka 2018. Walioshindwa katika vita vya Maniema waliacha majina, lugha na sahani ya wali: Nyangwe na Kasongo ndiko mashamba makubwa ya mpunga ya Waungwana yalikoshamiri, na Maniema haijaacha kula wali tangu hapo. Wapiganaji wa karne ya 11 nao walirudi Ulaya wakisimulia utamu wa miwa waliyoitafuna karibu na Tripoli ya Lebanoni. Tumbo halina madhehebu.

Jiwe linalobadili kauli

Katika bustani ya Cinquantenaire, Brussels, upo mnara wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, wa kuwasifu Wabelgiji wa Kongo. Maandishi yake yalisema ushujaa wao wa kijeshi ulimwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Neno hilo la Mwarabu lililalamikiwa, likafutwa kwenye jiwe, likarudishwa, na ugomvi ukaendelea. Sababu moja ya malalamiko unaweza kuiona kwa macho ukisimama hapo: Msikiti Mkuu wa Brussels uko ndani ya bustani hiyo hiyo.